Shajara ya Mradi: Ramani ya Wadudu wa Lindi na Mtwara, Msimu wa Kwanza

Septemba

Chama chetu cha watu wa kujitolea kimekubali kuanza kazi ambayo kwa muda mrefu tulikuwa tukiizungumza tu: kuandika kila mdudu tunayeweza kumtambua katika mikoa ya Lindi na Mtwara, mahali alipoonekana na siku aliyoonekana, kisha kuyaweka hayo yote juu ya ramani moja. Wanachama ni walimu, wakulima wa korosho, mafundi, wanafunzi wa sekondari na mama mmoja mwenye genge la matunda karibu na stendi ya Lindi. Hakuna mtaalamu wa wadudu kati yetu. Mimi nimepewa kazi ya kutunza rekodi, na shajara hii ni sehemu ya kazi hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulihusu ukubwa wa mraba. Tumechagua robo digrii, yaani dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, mraba ambao katika eneo letu una upande wa kilomita 27 na kitu, na eneo la takriban kilomita za mraba 760. Tuliuchagua kwa sababu ramani za Serikali za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa karatasi za ukubwa huohuo, hivyo mwenye karatasi moja mkononi ana mraba mmoja kamili wa kuushughulikia. Mikoa yote miwili kwa pamoja ina zaidi ya kilomita za mraba 80,000, na hata kwa hesabu ya haraka hiyo ni miraba zaidi ya 100. Sisi tuliohudhuria mkutano tulikuwa 14.

Mji wa Lindi umekaa juu ya mstari wa latitudo ya 10 kusini, kwa hiyo wanachama wawili wanaoishi mitaa tofauti ya mji huohuo wanaweza kujikuta wanaandika katika miraba miwili. Baadhi ya wenzetu walitaka mstari usogezwe ili mji ubaki mzima. Nilipinga, na nafurahi kwamba mkutano ulinisikiliza, kwa kuwa mraba unaosogezwa kwa ajili ya mji mmoja hautalingana tena na miraba ya mtu mwingine yeyote, na ramani isiyolingana na ramani za wengine haiwezi kuunganishwa nazo siku ya haja.

Fomu yetu ina safu nne: nani aliona, aliona nini, wapi, na lini.

Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku, na jioni iliyofuata simu yangu ilijaa picha za kumbikumbi kutoka Mtama, Nyangao na Ndanda. Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa, kwa sababu picha zile zilitumwa na watu waliokuwa wanaokota korosho tangu alfajiri, na bado walisimama chini ya taa ya duka kuandika saa na mahali. Hii ndiyo taabu ya kudumu ya msimu wetu. Kusini tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mwanzo wake, wadudu wanapozuka kwa wingi, ndio wakati ambao kila mkulima yuko chini ya mikorosho yake au anasubiri mnada wa korosho. Naliandika hili ili mwakani tusipange mafunzo yoyote mwezi huu.

Kumbikumbi wenyewe walituletea swali gumu. Hao si spishi moja. Ni mchwa waliokomaa wenye mabawa, ambao hutoka kichuguuni ili kupandana na kuanzisha makundi mapya, na spishi nyingi za mchwa hufanya hivyo mvua zinapoanza. Picha ya kumbikumbi chini ya taa haitoshi kumtaja kwa jina la spishi, na baadhi ya wanachama walisikitika kuona rekodi zao zikiandikwa "mchwa mwenye mabawa" basi. Tumeweka kanuni kwamba kila rekodi itaishia pale ambapo uhakika wa mwonaji unaishia. Rekodi ya kundi iliyo kweli inaweza kutumika, ilhali rekodi ya spishi iliyokisiwa inaharibu hata zile zilizo karibu nayo.

Desemba

Kereng'ende wamefika. Mwanafunzi mmoja wa Mikindani aliandika kwamba wamejaa juu ya uwanja wa mpira saa 11 jioni, wakiruka bila kutua, na kwamba bibi yake huwaita wageni wa kaskazi. Picha zake zinaonyesha Pantala flavescens, kereng'ende wa rangi ya manjano iliyokoza mwenye mabawa mapana ya nyuma, na jina alilotumia bibi linakaribiana sana na yale ambayo wataalamu walikuja kuyaeleza baadaye. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha maelezo kwamba kereng'ende hawa hutokea katika visiwa hivyo kila mwaka kuanzia Oktoba, ingawa visiwa vya matumbawe havina maji yasiyo ya chumvi ya juu ya ardhi ya kutosha kuwazalisha. Alieleza kwamba wanatoka India, wanavuka Bahari ya Hindi wakisaidiwa na pepo za juu, na kufika Afrika Mashariki pamoja na ukanda wa mvua. Hapa huzaliana katika madimbwi ya muda, ambamo lava wake, yaani mtoto wa mdudu kabla hajapata mabawa, hukomaa kwa wiki chache tu kabla maji hayajakauka.

Nimewaomba wanachama wote wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, waandike siku ya kwanza ya kuwaona. Kwa mdudu wa namna hii tarehe ina uzito sawa na mahali, na mtu anayekaa sehemu moja mwaka hadi mwaka anaweza kuijua tarehe hiyo vizuri kuliko mtafiti anayepita.

Januari

Nimetumia wiki mbili kusahihisha namba za latitudo na longitudo, kazi ambayo sikuitegemea na ambayo sasa naiona kuwa nusu ya kazi nzima.

Kosa lililojirudia zaidi ni kuacha alama ya kutoa mbele ya latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta, na rekodi ya mjini Lindi inatakiwa kusomeka karibu na -9.99 na 39.71. Alama ile ndogo ikiachwa, panzi wa Lindi anahamia nyanda za juu za Ethiopia. Wengine walibadilisha nafasi za namba mbili, wakatanguliza longitudo, na rekodi zao ama zilikataliwa na programu ya ramani au zilitua katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Makosa hayo ni mepesi kuyagundua kwa kuwa ni makubwa mno. Yanayonitia wasiwasi ni madogo: mtu anayeandika sehemu mbili tu za desimali ameacha shaka ya zaidi ya kilomita moja, na karibu na mpaka wa mraba hiyo inatosha kumhamisha mdudu kwenye mraba wa jirani. Sehemu nne za desimali zinatupa mahali kwa takriban mita 11, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi yetu.

Kulikuwa na tatizo moja zaidi ambalo lilituchanganya hadi mwanachama aliyewahi kufanya kazi ya upimaji wa ardhi alipotufafanulia. Wale waliosoma mahali kutoka kwenye ramani za zamani za karatasi walipata namba zilizotofautiana kwa mamia ya mita na zile za simu, ingawa walikuwa wamesimama palepale. Ramani zile zilichorwa kwa kufuata mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo wa WGS 84. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja alianzia mahali tofauti. Tumeongeza safu ya tano katika fomu: namba zimetoka kwenye simu au kwenye karatasi.

Februari

Mwezi huu umekuwa wa vipepeo wawili.

Rekodi iliyokuwa nyingi kuliko zote kwenye daftari letu ilikuwa ya kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mabawa ya mbele, ambaye kila mtu amemwona bustanini na kandokando ya barabara. Wote tulimwandika kama Danaus chrysippus. Viwavi wa spishi hiyo hula mimea yenye utomvu mweupe na huhifadhi sumu ya mimea hiyo mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja mmoja hujifunza kuwaacha wenzake. Kwa sababu hiyo yupo kipepeo mwingine asiye na sumu anayefaidika kwa kufanana naye: jike wa Hypolimnas misippus. Dume lake halifanani naye hata kidogo, kwani ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Ila majike wa spishi hii na vipepeo wa spishi ile ya kwanza, ukiwatazama wakiruka, hutawatofautisha.

Tofauti iko kwenye bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati ya bawa. Hypolimnas ana doa jeusi moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Nilirudi kwenye picha zote tulizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, na nikakuta kwamba katika nyingi bawa la nyuma limefichwa na la mbele, au picha imepigwa kutoka mbali mno. Baadhi zilikuwa wazi na zilikuwa za Hypolimnas, nasi tulikuwa tumeziandika vingine.

Mwalimu mstaafu mmoja wa Mtama, ambaye rekodi zake ni nyingi na ambaye mimi humheshimu sana, hakuridhika. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimemwona kipepeo huyu tangu nachunga mbuzi. Leo unaniambia simjui?" Nilimjibu, "Mwalimu, unamjua. Tunachotaka kujua ni kama ulikuwa unamjua mmoja au wawili." Alikaa kimya, akaomba nimchoree madoa yale kwenye karatasi. Jumapili iliyofuata alikuja Lindi kwa basi na bahasha mbili, kila moja ikiwa na kipepeo mmoja, wote wawili kutoka kwenye uzio uleule wa shamba lake, na kila bahasha ikiwa na tarehe, saa na mahali kwa mwandiko wa mwalimu. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine kutazama bawa la nyuma.

Rekodi za zamani zisizothibitika hatukuzifuta. Tumeziweka chini ya jina la pamoja, "mmoja kati ya wawili hawa", na zitabaki hivyo. Kuna mwanachama aliyependekeza tuzigawe kwa uwiano wa zile zilizothibitika, na nililikataa jambo hilo bila kusita: rekodi ni ushuhuda wa mtu kuhusu mdudu mmoja mahali pamoja, na ushuhuda haugawanywi kwa uwiano.

Machi

Tumechapisha ramani ya kwanza, tukaitundika ukutani katika chumba cha darasa tulichoazimwa. Watu walisogea kwa furaha, kila mmoja akitafuta nukta yake, na kwa muda hakuna aliyesema neno juu ya jambo ambalo mimi niliona mara moja. Nukta zilijipanga kama shanga kwenye uzi: Lindi, Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi. Zilifuata lami. Kulikuwa na fungu lingine Mtwara na Mikindani, na nukta chache Newala. Kaskazini na magharibi, kuelekea Liwale, hapakuwa na chochote.

Mtu asiyejua angeisoma ramani ile na kudhani kwamba wadudu wa kusini wanaishi kando ya barabara ya Masasi. Kwa kweli ilikuwa ramani ya mahali tunapoishi sisi na ya njia ambazo mabasi yetu hupita. Mraba mtupu ulikuwa na maana mbili zisizofanana kabisa, kwamba mtu alikwenda akatafuta asipate, au kwamba hakuna aliyekwenda, na fomu yetu haikuwa na njia ya kuzitenganisha. Kosa hilo ni langu, kwa kuwa fomu niliitengeneza mimi. Niliuliza nani, nini, wapi na lini, na sikuuliza mtu alitafuta kwa muda gani wala hakuona nini.

Kuanzia sasa kila safari itaandikwa, hata ikirudi mikono mitupu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya watafutaji, hali ya hewa, na orodha fupi ya wadudu waliokuwa wanatafutwa hasa. Baadhi ya wanachama wameona aibu kuwasilisha karatasi isiyo na mdudu hata mmoja. Nimewaeleza kila mmoja peke yake kwamba karatasi hiyo ina thamani kubwa kwangu.

Mei na Juni

Kusi limeanza, na wavu wa vipepeo hauwezi kufanya kazi uwandani kwa upepo huu. Tumehamia kwenye majimoto, sisimizi wa mtini.

Nilimchagua mdudu huyu kwa makusudi. Majimoto, Oecophylla longinoda, hushona majani mabichi kwa hariri ya lava wake na kujenga viota vinavyoonekana kwa macho mtu akiwa amesimama chini ya mti. Mkulima yeyote wa mikoa hii anamjua kwa kuwa ameumwa naye. Maana yake ni kwamba kwa mdudu huyu mmoja, watu wa kawaida waliotazama vizuri wanaweza kusema "hayupo" na wakaaminika. Pia ana faida. Huwinda wadudu wengine juu ya mkorosho, wakiwemo mbu wa mikorosho, wale wa jenasi ya Helopeltis ambao hufyonza machipukizi na kuacha madoa meusi hadi chipukizi likauke, na watafiti wa korosho wamemchunguza kama njia ya kulinda mikorosho bila dawa nyingi.

Utaratibu ni kwamba mwanachama anachagua shamba, anatembea mistari ya miti 20, na kwa kila mti anaandika viota viko au haviko. Kama kuna sisimizi wengine wanaopanda shina, anachukua picha. Tunawatafuta hasa wale wadogo wa kahawia, Pheidole megacephala, ambao askari wao wana kichwa kikubwa kisicholingana na mwili, kwa sababu hao hujenga chini ardhini na hupigana na majimoto hadi kuwafukuza mtini. Tunamuuliza mwenye shamba kama amepuliza dawa ya wadudu msimu huu, kwani dawa inayoua mbu wa mikorosho huua na majimoto.

Kazi ilikwama kidogo mwezi Juni, mashamba mengi yalipokuwa yanapulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Niliagiza mtu asiingie shambani siku hiyo wala siku inayofuata. Hakuna rekodi inayostahili macho ya mtu.

Matokeo yanatia moyo. Kwa mara ya kwanza ramani yetu ina alama za aina mbili, duara jeusi kwa shamba lenye majimoto na duara tupu kwa shamba lililotafutwa lisikutwe nao, na tayari yanaonekana mashamba mawili yaliyopakana, moja lina viota karibu kila mti na la pili halina hata kimoja. Sijui sababu bado. Mwenye shamba la pili alituambia kwamba miaka ya nyuma walikuwepo, nami nimeandika maneno yake katika safu ya maelezo kama alivyoyasema, bila kuyageuza kuwa rekodi.

Julai

Vielelezo vichache vya wadudu tulivyonavyo vimeshambuliwa na ukungu, na kisanduku kimoja kimeingiliwa na sisimizi wakala vyote wakaacha pini na lebo. Tumenunua makopo yenye mifuniko ya kubana na tumeweka nafthalini. Lebo zilizobaki nimezihifadhi, kwa kuwa mahali na tarehe bado ni za kweli hata mwili ukipotea, ila mbele ya kila moja nimeandika kwamba utambuzi wake hauwezi kuhakikiwa tena.

Swali la misitu limejirudia pia. Wanachama vijana wanatamani Rondo na Litipo, na wana haki ya kutamani: misitu ya pwani ya eneo letu inajulikana kwa viumbe wasiopatikana mahali pengine, na komba mdogo wa Rondo alitambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 1997 tu. Kama mnyama mwenye manyoya anayelia usiku alikaa muda wote huo bila jina, haihitaji kueleza wadudu wakoje. Hata hivyo kukusanya vielelezo ndani ya hifadhi kunahitaji kibali, na sisi tutakiomba kwa njia yake. Mpaka tukipate tutapiga picha kwenye mashamba ya vijiji vilivyo pembeni, na hakuna atakayevuka bango la mpaka akiwa na wavu.

Agosti

Tumefanya safari ya kwanza ya kwenda kwenye mraba mtupu. Tulikuwa watu wanne kwa pikipiki mbili, tukaiacha barabara ya Masasi pale Nanganga na kuendelea kupita Ruangwa, hadi GPS ilipoonyesha kwamba tumeingia katika mraba ambao hakuna mwanachama aliyewahi kuandika chochote ndani yake. Nyasi zilikuwa zimekauka na sehemu nyingine zilikwisha kuchomwa. Mwalimu wa Mtama alikuwa mmoja wetu.

Tulitafuta kuanzia saa 3 na dakika 10 asubuhi hadi saa 5 na dakika 10, watafutaji wanne, jua kali, upepo kidogo kutoka kusini mashariki. Mikorosho 20 ilikaguliwa katika shamba la mzee aliyetukaribisha kwa uji. Majimoto: hakuna kiota. Danaus na Hypolimnas: hakuna aliyeonekana. Mchwa: kichuguu kimoja kirefu chenye uhai, picha tatu. Mzee alituuliza tumepata nini, na Mwalimu akamwonyesha karatasi na kumsomea mstari kwa mstari, pamoja na yale ambayo hayakuonekana.

Rekodi imeingizwa usiku huohuo, namba kutoka kwenye simu, desimali nne, alama ya kutoa imehakikiwa. Ziara ya pili ya mraba huo itafanyika mvua zikianza, na mzee ameomba aachiwe fomu tatu.